Mtungi Uliotoa Sakitu

S.L.P. 31,
Sosiot.

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Mpendwa dada Janeffer,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji Oyugi na watoto, na kwamba joto la Lodwar halijawakausha kabisa. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema daktari amekukataza kupanda ngazi, nami nikajiuliza ni ngazi gani hizo ziko Lodwar. Kama ni ya kupanda juu ya tangi la maji, tafadhali mwachie shemeji.

Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Mke wangu Chepkemboi alisumbuliwa na kifua baada ya ile mvua ya mawe ya Agosti, lakini sasa amepona na amerudi kwa chai yake. Majani yalipigwa vibaya, yamechipuka tena, na wiki hii anachuma hadi kikapu kinamwinamisha. Kijana wetu Kipkurui yuko chuoni, anapiga simu akiwa na shida na ananyamaza akiwa sawa, kama watoto wote.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua na simu iko mfukoni. Ni kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza. Nikifungua mdomo tu unasema, "Tanui, ngoja kwanza," halafu unaniambia la kufanya kabla hujasikia lolote. Tena Chepkemboi hukaa karibu akijifanya anachambua mboga. Ninalotaka kusema linahitaji mtu atakayenisikiliza hadi mwisho, kwa hiyo nimenunua karatasi.

Jambo lenyewe ni kazi yangu ya ushirika. Nimefanya kosa, na si kosa dogo. Ijumaa hii saa nne asubuhi lazima niwe nimeamua kama ninajiuzulu au ninabaki. Nimelizungusha jambo hili kichwani wiki mbili sasa na sijapata usingizi wa maana.

Wewe uliolewa ukaenda kabla sijaanza kazi hii, kwa hiyo acha nikueleze vizuri. Ng'ombe wa mkulima akiwa kwa joto, mkulima hunipigia simu. Ninatoka na pikipiki, ninamtia ng'ombe mbegu ya fahali ambaye hatawahi kumwona, ninaandika tarehe, ninaondoka. Watu huniita daktari, ingawa mimi si daktari, na kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kuwasahihisha. Mbegu yenyewe imo kwenye mirija myembamba kama ule wa ndani ya kalamu, na mirija hiyo hukaa kwenye mtungi mkubwa wa nitrojeni katika stoo ya ushirika. Gari la nitrojeni huja kila baada ya wiki mbili kujaza. Nitrojeni ni baridi kupita barafu. Ikiisha mtungini, mbegu inakufa, na ikishakufa hata ujaze mtungi mara kumi haifufuki. Kwa macho huwezi kujua, kwa sababu mrija mzima na mrija mfu hufanana.

Sasa, mwaka jana mwezi wa pili ushirika ukatuletea msichana. Anaitwa Valary, mtoto wa watu wa Siongiroi, ana miaka ishirini na sita na diploma yake. Mwenyekiti wetu Eliakim akaniambia nimwonyeshe njia na wakulima. Nikamwonyesha, na sitasema uongo, nilimfundisha vizuri. Nilimfundisha kuingiza mkono bila kumuumiza ng'ombe, kutafuta mlango wa mimba kwa vidole, na kumjua mkulima anayedanganya kuhusu saa ng'ombe alipoanza joto. Nilifundisha kwa roho safi kwa sababu nilidhani hatamaliza miezi mitatu. Nani kwetu angekubali msichana atie mkono kwa ng'ombe wake? Mzee mmoja wa upande wa Kabianga alimtazama siku ya kwanza, akanigeukia, akaniuliza kwa Kipsigis kama wanaume wameisha. Nilicheka naye sana.

Miezi mitatu haikuisha kabla simu zangu hazijapungua. Dada, hebu fikiri, nani huwa nyumbani asubuhi ng'ombe anapoanza kupandana na wenzake? Ni akina mama. Na akina mama wote walikuwa wakiona haya kunieleza mimi waliyoyaona, wanaanza na hali ya hewa, wanamaliza na salamu. Kwa Valary wanasema kila kitu kama dada kwa dada. Yeye naye anawaandikia ujumbe siku ya ishirini na moja baada ya kupandisha, "Mama, leo mwangalie ng'ombe." Mimi nilikuwa najua siku hizo kwa kichwa lakini sikuwahi kumwandikia mtu.

Kuna mkulima alimpa ndama wake jina Valary. Nimepandisha nusu ya ng'ombe wa Belgut, na hakuna ndama hata mmoja aliyewahi kuitwa Kiptanui. Na yule mzee wa Kabianga, aliyeuliza kama wanaume wameisha, tulienda kwake pamoja mwezi wa tatu mwaka huu. Alitoka na sotet, kibuyu chake cha maziwa yaliyoganda, akaitikisa, akamimina mursik ya kumheshimu mgeni kwenye kikombe, akampa Valary kwa mikono miwili. Mimi nililetewa chai.

Nilikunywa ile chai na ikanikwama. Nasema waziwazi, dada, nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa simu zake, kwa gambuti zake mpya, kwa vile anavyoosha mikono huku akiongea na mtu kama hana haraka. Nilikuwa nikisikia pikipiki yake ikipita barabarani asubuhi na najua nyumba anayoenda, na najua kwamba nyumba hiyo ilikuwa yangu.

Ugonjwa huu wewe unaujua hata kama hukujua kwamba unaujua. Unakumbuka Mama alivyokuwa akikusifu kwamba mkono wako unateremsha maziwa kuliko wa kila mtu? Na siku ile ndama alipofunguka akanyonya yote kabla hujafika na ndoo, ukachapwa? Ndama hakufunguka. Nilimfungua mimi. Nilikuwa na miaka tisa na nimenyamaza hadi leo. Usikasirike bado, endelea kusoma.

Mwezi wa saba ng'ombe wakaanza kurudi. Maana yake ni kwamba unampandisha ng'ombe, na baada ya wiki tatu anakuwa kwa joto tena, hakushika. Mmoja au wawili ni kawaida. Safari hii walikuwa wanarudi karibu wote, na wa kwanza walikuwa wale wa Valary. Wakulima wakaanza kusema kwamba mkono wake ni wa baridi, kwamba kazi hii ilikataa wanawake tangu mwanzo. Siku moja pale kituo cha maziwa mtu akaniuliza kama ni kweli. Sikusema ndiyo wala la. Niliinua mabega, na hayo mabega yalitosha, kwa sababu wiki hiyo simu zangu ziliongezeka.

Halafu wa kwangu nao wakaanza kurudi. Nikalaumu chumvi. Nikalaumu baridi ya Julai. Nikawalaumu wakulima kwamba wananipigia wakiwa wamechelewa. Valary hakulaumu mtu. Alichukua mirija mitatu akaipeleka kwa mwalimu mmoja anayemfahamu kule Kabianga, wakaitazama kwa hadubini, wakakuta hakuna kinachosogea. Akaandika ripoti, akampa Eliakim. Tulipohesabu tukapata ng'ombe sitini na mmoja waliopandishwa kwa mbegu iliyokufa, mikono yake na yangu. Hao ni ng'ombe sitini na mmoja ambao mwaka ujao hawatakuwa na ndama kwa wakati, na nyumba sitini na moja ambazo zitakaa miezi bila maziwa ya kupeleka wala ya kunywa. Unajua kwetu nyumba bila maziwa inakuwaje.

Kamati ikaja kuangalia mtungi. Wakakuta nitrojeni iko chini sana na kizibo hakikai vizuri mdomoni. Wakasema kizibo kimezeeka, gesi imekuwa ikitoroka, na mimi kama mkubwa wa kitengo nilipaswa kuona. Eliakim akaniita kando. Huyu mzee ni mtu mwema, unamkumbuka, yule aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani na sauti haitoki. Akaniambia hivi:

"Koros, mtungi si wewe uliitengeneza. Lakini watu wamekasirika. Ukitaka kuenda, andika barua ya kujiuzulu, tutakufanyia chai ya kukuaga, utaenda na heshima yako. Ukitaka kukaa, Ijumaa usimame mbele ya wakulima uombe msamaha. Halafu funguo ya stoo itaenda kwa Valary, na wewe utafanya chini yake mwaka moja. Chagua mwenyewe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Nimechagua na kuchagua tena. Nikijiuzulu, Jumatatu Valary atakaa kwenye kiti changu, kile chenye mto alionishonea Chepkemboi. Atachukua njia zangu zote hadi mpaka wa Bomet, na wakulima watasahau kwamba kuna mtu aliyezipita akiwa kwa baiskeli kabla ya lami. Nikibaki, kila asubuhi nitasimama mlangoni na kumwomba mirija kama yeye alivyokuwa akiniomba. Ukiniuliza lipi linauma zaidi, inategemea ni saa ngapi. Barua ya kujiuzulu nimeiandika mara tatu na kuichana mara tatu. Chepkemboi anasema nibaki, anasema wivu wangu haujawahi kukamua ng'ombe hata mmoja na chai peke yake haitamaliza karo ya chuo cha Kipkurui.

Wote wawili, Eliakim na Chepkemboi, wananishauri vizuri kwa yale wanayoyajua. Sasa nikuambie wasiyoyajua.

Kizibo hakikuzeeka. Mwezi wa tano, baada ya ile mursik kunikaa rohoni miezi miwili, nilienda duka la vyuma hapa Sosiot nikanunua kufuli dogo. Nikapitisha waya juu ya kizibo, kutoka mkono mmoja wa mtungi hadi mwingine, nikaufunga kwa lile kufuli, na ufunguo nikaweka mfukoni mwangu. Nilimwambia Valary ni kwa usalama wa mali ya ushirika. Ukweli ni kwamba nilitaka Valary asiweze kuchukua mrija hata mmoja bila kuja kwangu na kusema tafadhali. Alikuja na alisema tafadhali, na kila mara nilikuwa na kazi nyingine ya kumaliza kwanza. Akina mama walimsubiri na ng'ombe zao, akafika amechelewa. Nilifurahia hilo.

Ule waya ulikinyanyua kizibo upande mmoja. Kidogo tu, upana wa punje ya hindi. Lakini nitrojeni haihitaji mlango mkubwa.

Mwezi wa sita, asubuhi moja, aliniita stoo. Shingo ya mtungi ilikuwa nyeupe, imeshika sakitu kama ile inayochoma majani chai kule bondeni. Mtungi mzima hautoi sakitu, mtu yeyote wa kazi hii anajua, na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

"Mwalimu, mtungi inatoa sakitu kwa shingo," akasema. "Nafikiri ni hii waya. Imeinua kizibo."

Nilimwambia kwamba mtungi huo niliubeba mgongoni kabla yeye hajajua kuvaa viatu. Nikaipangusa ile sakitu kwa mkono wa koti langu, mbele yake. Halafu nikaulegeza waya ili aone nimesikia, na alipotoka nikaukaza tena kama ulivyokuwa. Dada, niliukaza nikijua. Nilijiambia gari la nitrojeni litakuja Alhamisi, hakuna kitakachoharibika. Gari likaja, mtungi ukajazwa, na katikati ya wiki nyingine ukakauka. Yeye aliamini nimerekebisha, akaendelea kutumia mirija ile ile, na watu wakasema mkono wake ni wa baridi, na mimi nikainua mabega.

Siku ambayo kamati ilikuwa inakuja, nilifika stoo mapema nikakata waya, ingawa kizibo kilikuwa kimeshapinda. Kufuli nililitupa chooni. Mkutanoni Eliakim akauliza kama kuna mtu yeyote aliyeona dalili kabla. Nikasema hakuna. Akamgeukia Valary, aliyekuwa ameketi mbele yangu. Nilishika kiti. Alikuwa na neno moja tu la kusema na mimi ningekwisha pale pale.

"Yenye niliona nimeandika kwa ripoti," akasema.

Na kwenye ripoti alikuwa ameandika juu ya mirija peke yake, hakuna waya, hakuna kufuli, hakuna sakitu. Ungetegemea nishukuru. Sikushukuru. Nilikasirika njia nzima hadi nyumbani, kwa sababu najua mimi nikiwa mahali pake ningesema, na ningesimama kusema. Hata huo moyo wake niliuonea wivu.

Ningeendelea hivyo hivyo kama si Jumamosi iliyopita. Kuna mama mmoja jirani yetu anayeitwa Beldina, wewe humjui. Walitoka upande wa ziwa na mume wake Kepher, wakachuma chai kwenye shamba la kampuni miaka thelathini, wakanunua robo eka hapa chini ya mto. Kepher alifariki mwaka juzi. Mama huyu ana ng'ombe mmoja, mweusi mwenye doa kwenye bega, na ng'ombe huyo ndiye kila kitu chake. Nilimpandisha ng'ombe huyo mara tatu kati ya mwezi wa sita na wa nane. Mara tatu akarudi. Na kila mara aliporudi nilimkemea Beldina. Nilimwambia hampi ng'ombe chumvi, nilimwambia ananipigia saa imepita, mara ya tatu nilimwambia kama hawezi kufuga ng'ombe afuge kuku.

Jumamosi asubuhi akanipigia mimi. Hakumpigia Valary. Nilifurahi, na usinicheke, nilifurahi kama mtu aliyepata barua ya kazi. Nilikuwa nimevaa gambuti kabla sijakumbuka kwamba mirija mipya, iliyonunuliwa baada ya ile kufa, Eliakim ameiweka kwa Valary hadi Ijumaa, na sina hata mmoja. Ikabidi nimpigie. Hakuniuliza chochote, alisema anakuja. Na kwa kuwa mirija ni yake na Eliakim ameshasema, yeye ndiye aliyevaa glavu. Mimi nilishika mkia.

Nimesimama pale nimeshika mkia wa ng'ombe kama mtu wa kuajiriwa siku moja, natafuta kosa. Nilitazama mkono wake nione kama ataharakisha, kama atapapasa. Hakuharakisha wala hakupapasa. Beldina akasogea upande wangu akaanza kuongea polepole, akiangalia chini.

"Daktari, usiwe na hasira na mimi," akasema. "Najua ni mimi nilikosea hizo mara zingine. Sasa chumvi nampatia kila siku, nilikopa kwa jirani. Na nimekuwa nikimwangalia kutoka saa kumi na moja asubuhi, sitaki kuchelewa tena. Nisamehe."

Dada, mama huyo ana umri wa kumzidi Mama alivyokuwa alipotuacha. Aliniomba msamaha kwa kosa langu. Aliamini kila neno nililomwambia, akakopa chumvi. Valary alikuwa na mkono ndani ya ng'ombe, akainua uso, akanitazama juu ya mgongo wa yule ng'ombe. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu aone nitasema nini. Nilimwambia Beldina ampe ng'ombe maji.

Tulipofika barabarani nilimuuliza Valary kwa nini hakusema mkutanoni. Alikuwa anafunga kichupa cha mirija kwenye pikipiki, hakugeuka.

"Mimi yangu nilisema siku ile, mwalimu," akasema. "Hiyo ingine ni yako."

Akawasha pikipiki akaenda.

Tangu hapo nimeona kwamba nilikuwa napima vitu viwili ambavyo ni kimoja. Nikijiuzulu kwa sababu ya kizibo kilichozeeka, nitakunywa chai ya kuagwa, Eliakim ataimba, watu watasema Koros ni muungwana, amewajibika kwa kosa la mtungi. Nikibaki kwa sababu ya kizibo kilichozeeka, nitaomba msamaha kwa jambo ambalo sikulifanya na kuficha nililolifanya. Kwa njia zote mbili Beldina ataendelea kuamini ni chumvi, na mkono wa Valary utaendelea kuwa wa baridi midomoni mwa watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa maradhi ni yangu na wanaoumbuka ni wengine.

Kwa hiyo Ijumaa sitapeleka barua yoyote. Nitasimama pale kituoni wakati watu wameleta maziwa ya asubuhi, niseme habari ya waya, ya kufuli, ya sakitu, na kwamba Valary aliniambia nami nikamdharau. Nitamtaja Beldina kwa jina niseme hakukosea. Baada ya hapo kama watanifukuza, basi wamenifukuza, na sitakuwa na haja ya kuchagua. Kama watakuwa na huruma au upungufu wa watu, nitabaki chini ya Valary, na ng'ombe wote sitini na mmoja nitawafuata boma kwa boma hadi wa mwisho ashike, niwe natia mkono au nashika mkia.

Usinisifu, tafadhali. Usinipigie kusema nimekuwa mtu mpya. Unajua ni kitu gani kinanichoma ninapoifikiria Ijumaa? Si kufukuzwa, wala si macho ya Eliakim. Ni kwamba nikishasema, watu watamgeukia Valary na kumpigia makofi. Nawaona kabisa. Akina mama watapiga vigelegele, na yule mzee wa Kabianga ataenda kutafuta sotet nyingine. Na makofi hayo nitakuwa nimempa mimi kwa mdomo wangu. Hilo nimelimeza mara mia tangu Jumamosi na bado halijashuka.

Nisalimie shemeji Oyugi, umwambie hadithi niliyomwahidi bado ni deni langu. Msalimie Maxine na umwambie mjomba amesikia amekuwa wa tatu darasani, na kwamba wa tatu si mbaya, asiangalie sana wa kwanza na wa pili. Chepkemboi anakusalimu sana, na Kipkurui pia kama angekuwa hapa. Mungu aliyewalinda kwenye jua hilo miaka yote aendelee kuwafunika, awape mvua ya kiasi na afya ya kutosha. Kongoi kwa kunisoma hadi hapa bila kunikatiza.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya ninunue bahasha. Najijua. Kutoka leo hadi Ijumaa ni siku tatu, na wivu wangu haujawahi kuhitaji siku nyingi hivyo. Naweza kufika pale kituoni, nikamwona ameketi mbele na gambuti zake, nikasema kizibo kimezeeka. Kwa hiyo barua hii naitia posta leo mchana, na ikishaondoka siwezi kuirudisha. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia namba ya simu ya Valary. Ukiipata barua usinipigie mimi. Mpigie yeye, umuulize Kiptanui alisema nini siku ya Ijumaa. Akikuambia sikusema, msomee barua yote, tangu mwanzo.

Mimi ni ndugu yako wa tumbo moja, ninayekupenda,

Kiptanui